Uadimu wa Ugonjwa Si Kisingizio
Juu ya haki ya mtoto mgonjwa wa ini kupimwa, katika wilaya za Ngara na Biharamulo





Kuna maneno matatu ambayo katika vijiji vyetu, tangu Rusumo na Murusagamba hadi Nyakahura na Nyakanazi, hufunga mjadala wowote juu ya mtoto aliyekufa. La kwanza ni degedege. La pili ni bandama. La tatu husemwa kwa sauti ya chini: mkono wa mtu. Likishatamkwa mojawapo, hakuna aulizaye tena. Kaburi hufunikwa, matanga huanuliwa, na pengine baada ya mwaka mmoja au miwili mdogo wake marehemu huanza kuvimba tumbo vilevile.

Hatuyapingi maneno hayo kwa sababu ni ya wazee wetu. Degedege ni jina la kweli la jambo la kweli, na bandama huvimba kweli kwa malaria ya muda mrefu. Tunayapinga kwa sababu yamegeuzwa kuwa badala ya kupima. Neno lililopaswa kuwa mwanzo wa swali limekuwa mwisho wake. Na kila mara swali linapofungwa mapema namna hiyo, anayelipa gharama ni mtoto, naye hana sauti ya kudai hesabu irudiwe.

Katika kurasa hizi tunazungumzia ugonjwa mmoja wa ini, wa kurithi, ulio adimu. Tumeuchagua kwa makusudi, kwa kuwa ndio unaofichua vizuri zaidi namna tunavyowatendea wadogo wasio na idadi. Dai letu ni moja: kwamba mtoto kuwa na ugonjwa adimu si kisingizio cha kumwacha bila kupimwa, na kwamba kipimo cha kwanza anachokihitaji kiko ndani ya uwezo wa zahanati zetu.

1. Ghala limejaa, nyumba ina njaa

Ini la binadamu ni ghala. Tunapokula ugali, ndizi au muhogo, chakula hugeuka kuwa sukari katika damu. Sehemu ya sukari hiyo huwekwa akiba ndani ya ini kwa namna ya wanga ambao wataalamu huuita glikojeni. Usiku, mtu akiwa amelala bila kula, ini hufungua ghala na kurudisha sukari kidogo kidogo katika damu, ili ubongo upate chakula chake hadi asubuhi. Ufunguo wa mwisho wa mlango huo ni kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfatase.

Wapo watoto wanaozaliwa bila ufunguo huo. Ini lao hupokea na kuweka, lakini haliwezi kutoa. Ni kama kihenge kilichojaa mahindi hadi kuta zinafura, huku mlango umekwama na watu wa nyumbani wanalala njaa. Ini huvimba upande wa kulia wa tumbo. Sukari katika damu huporomoka saa chache tu baada ya kula. Alfajiri mtoto hutoka jasho, hutetemeka, hulegea, huzimia au hupatwa na mtukutiko wa mwili. Mashavu yake hujaa, hata jirani wakadhani analishwa vizuri, lakini mikono na miguu ni myembamba na kimo hakiongezeki.

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Mjerumani Edgar von Gierke mwaka 1929, na jina lake limebaki juu yake hadi leo. Mwaka 1952 wataalamu Carl na Gerty Cori, wakifanya kazi Marekani, walionyesha ni kimeng'enya gani kinachokosekana katika ini. Kwa miaka mingi baada ya hapo wengi wa watoto hao walikufa wakiwa wadogo. Kisha, mwaka 1984, madaktari wa Marekani walichapisha matokeo yaliyobadilisha mambo: mtoto akipewa wanga mbichi wa mahindi kwa vipimo na kwa saa zilizopangwa, mchana na usiku, wanga huo husagwa tumboni polepole na kuitunza sukari ya damu isianguke. Tangu hapo watoto waliotambuliwa mapema wameweza kukua, kusoma na kufikia utu uzima.

Ndugu zetu, mlisikie jambo hili vizuri. Tiba ya ugonjwa huu si mtambo wa mabilioni. Msingi wake ni mahindi. Sisi tunaolima mahindi tangu Keza hadi Lusahunga tunaweza kumzika mtoto ambaye dawa yake inatoka katika zao la shamba letu, kwa sababu tu hakuna aliyempima.

Lakini tuonye papo hapo. Wanga huo ni wanga safi uliochujwa kutoka katika punje. Si unga wa ugali, wala si uji, kwa maana ukipikwa husagwa upesi na kazi yake hupotea. Watoto wachanga sana hawawezi kuusaga. Kiasi, saa, na vyakula vingine vya kupunguza, pamoja na baadhi ya vitu vitamu, hupangwa na daktari kwa kumpima mtoto mara kwa mara. Mtu asisome kijitabu hiki akaenda kumkorogea mwanawe kwa kubahatisha. Tunachodai ni kipimo kwanza, na tiba chini ya uangalizi.

2. Kwa nini mtoto huyu hatambuliwi

Hatambuliwi kwa sababu kila dalili yake inafanana na jambo tulilolizoea.

Akitukutika, tunasema degedege la homa. Anapopimwa malaria kwa kipimo cha haraka, kipimo kinaweza kuonyesha ndiyo, hata kama alikwisha kutibiwa wiki kadhaa zilizopita, kwa maana mabaki ya vimelea huendelea kuonekana baada ya vimelea wenyewe kufa. Basi mhudumu anaandika malaria, naye anakuwa amefuata mwongozo. Mtoto akipumua haraka na kwa kina kwa sababu asidi imezidi katika damu yake, tunasema nimonia. Akiwa na tumbo kubwa, tunasema bandama, minyoo, au utapiamlo.

Angalieni hilo la bandama. Bandama, yaani wengu, iko upande wa kushoto. Ini liko upande wa kulia. Katika ugonjwa huu ini huwa kubwa sana, ilhali bandama kwa kawaida haivimbi. Malaria ya muda mrefu ndiyo hasa huvimbisha bandama. Kwa hiyo mkono wa mhudumu uliofundishwa, ukipapasa tumbo kwa dakika moja, kulia na kushoto, unaweza kutofautisha mambo mawili ambayo kijiji kizima kinayaita kwa jina moja. Mkono huo hauhitaji umeme wala bajeti ya wafadhili.

Upo ufichaji mwingine, na huu unatokana na wema. Mtoto akizimia, mama humpa maji ya sukari. Zahanatini pia mhudumu amefundishwa kumkinga mtoto mahututi na upungufu wa sukari kabla ya kumpa rufaa, na hilo ni sahihi kabisa. Mtoto anazinduka, watu wanamshukuru Mungu, na habari inaishia hapo. Hakuna aliyejua sukari ilikuwa ngapi kabla ya kupewa. Ushahidi umeyeyuka mdomoni pamoja na sukari yenyewe.

Hata maziwa ya mama humficha mtoto huyu. Anaponyonya kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana, hapati saa ndefu za njaa. Mara nyingi matatizo hujitokeza kati ya mwezi wa 3 na wa 6, anapoanza kulala kwa muda mrefu zaidi bila kunyonya. Ndipo watu hutafuta nini kimebadilika nyumbani, ni nani aliyemtembelea, ni nani aliyemsifia mtoto. Kilichobadilika ni urefu wa usiku wake bila chakula.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni tone la damu kwenye kidole au kisigino, juu ya utepe wa kupimia sukari, wakati ule ule mtoto amezimia au anatukutika, na kabla ya sukari kumezwa. Jibu huja kwa muda usiozidi dakika moja. Mtoto asiye na utapiamlo akiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, sukari yake imeshuka kwa kiasi cha hatari. Apewe sukari mara moja, na namba iandikwe. Na mahali ambapo kipimo hakipo, mtoto apewe sukari bila kusubiri, kwa maana uhai hutangulia ushahidi. Lakini tuulize basi: kwa nini kipimo hakipo?

3. Visingizio vinne

Tunapouliza swali hilo katika mikutano, hujibiwa kwa visingizio vinne. Tuvipime kimoja kimoja.

Kisingizio cha kwanza: "Ugonjwa huu ni adimu mno." Ni kweli kwamba ni adimu. Kwa makisio yanayotumiwa duniani, aina hii ya kwanza ya ugonjwa humpata mtoto mmoja kati ya 100,000 hivi wanaozaliwa. Nchini mwetu huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Ikiwa uwiano huo ni huo huo kwetu, basi ni watoto 20 au zaidi kila mwaka, na miaka 10 ni darasa baada ya darasa la watoto. Nao si peke yao. Yako magonjwa mengine ya kurithi yanayoshambulia ini la mtoto, na ukiyajumlisha magonjwa adimu yote yanayojulikana duniani, hupita 6,000, na walio nayo hukadiriwa kuwa watu milioni 300. Kila ugonjwa peke yake ni mchache, lakini wagonjwa wote kwa pamoja ni taifa kubwa lisilo na bendera.

Tena, waamini wanaojua mfano wa kondoo aliyepotea hawawezi kutumia hoja hii. Mchungaji yule alikuwa na hesabu nzuri ya kumtetea kama angebaki: 99 ni wengi kuliko mmoja. Hakuitumia. Hesabu ambayo Bwana hakuikubali kwa mmoja kati ya mia, sisi tunaikubali kwa urahisi gani kwa mmoja kati ya laki?

Kisingizio cha pili: "Sisi tuko pembezoni, hatuna maabara." Hapa tunaomba kumbukumbu zetu zitusaidie. Mwezi wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi. Katika muda mfupi Benaco ilikuwa na mahema ya hospitali, madaktari, dawa, maji na magari kutoka pembe zote za dunia. Tulifurahi kwamba watu wale walihudumiwa, na ilikuwa haki yao. Lakini tulijifunza kwamba umbali wa Ngara si sheria ya maumbile. Njia hufunguka panapokuwa na nia.

Mwezi wa Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitambuliwa Biharamulo. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais alilitangazia taifa, baada ya sampuli kupimwa katika maabara iliyoko mkoani Kagera na kuthibitishwa Dar es Salaam. Watu 10 walihesabiwa kuugua, 2 wakiwa wamethibitishwa na 8 wakidhaniwa kuwa nao, na wote 10 walifariki. Tarehe 13 Machi mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha. Tunawashukuru wahudumu waliohatarisha maisha yao. Hata hivyo jambo moja lilidhihirika: damu ya mtu wa Biharamulo inaweza kufika maabara kubwa na jibu likarudi. Ilisafiri kwa sababu ugonjwa ule ungeweza kuwafikia wengine, hata walio mbali na walio wakubwa. Ugonjwa wa kurithi hauambukizi. Unamuua mtoto wa maskini nyumbani mwake, bila kumtisha yeyote. Je, ndiyo sababu damu yake haisafiri?

Tena wapo wanaosafirisha damu kimya kimya kila siku. Kwa watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya ukimwi, tone la damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu katika kituo cha afya na kupelekwa maabara kubwa kupimwa. Damu iliyokaushwa juu ya karatasi haihitaji ndege wala barafu. Ni njia hiyo hiyo inayoweza kubeba damu ya mtoto anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kurithi, hadi panapochunguzwa vinasaba. Njia imekwisha kuchongwa. Inahitaji mzigo mwingine mdogo tu.

Na kama damu haitoshi kuwa mfano, tuangalie mawe. Kabanga, wilayani Ngara, miamba imetobolewa kwa miongo mingi, ikakatwa vipande na kupimwa maabarani ili ijulikane ina nikeli kiasi gani. Mwaka 2021 Serikali na wawekezaji walisaini makubaliano juu ya nikeli hiyo. Huko Tulawaka, wilayani Biharamulo, dhahabu ilipimwa na kuchimbwa. Hatuyapingi maendeleo. Tunauliza tu inakuwaje jiwe la Kabanga lijulikane kilichomo tumboni mwake, na mtoto wa Kabanga asijulikane.

Kisingizio cha tatu: "Hata ukiujua, hauna tiba." Tumekwisha kuonyesha kwamba huu unayo. Lakini tuseme zaidi, kwa kuwa yako magonjwa ya ini ambayo tiba yake ni ngumu kweli. Hata mtoto asiyeweza kuponywa anayo haki ya kujulikana anaugua nini. Jina la ugonjwa humwokoa na dawa zisizomfaa. Humwambia mama asimlaze bila chakula. Huwaandaa wazazi kwa mtoto atakayefuata, apimwe tangu siku za kwanza. Na zaidi ya yote, hukata mzizi wa tuhuma, jambo ambalo tutalirudia hivi punde.

Kisingizio cha nne ndicho chenye uzito, na tunakiheshimu: "Malaria inaua wengi zaidi, tuanze na hiyo." Ni kweli malaria inaua wengi zaidi. Lakini malaria kali yenyewe huangusha sukari ya damu, na kwinini nayo, ikitumika, huweza kuiangusha zaidi. Mtoto wa malaria aliyezimia anahitaji utepe ule ule wa sukari, kwa saa ile ile, kwa mkono ule ule. Hatuombi fedha zitolewe kwa wengi zipewe wachache. Tunaomba kile ambacho wengi walistahili tangu mwanzo, nacho kitamfunua na yule mmoja. Anayesema "malaria kwanza" huku zahanati yake haina utepe wa kupimia sukari hajamtetea hata mtoto wa malaria.

4. Ni nani aliyetenda dhambi?

Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walimuuliza Bwana kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake. Alilikataa swali lenyewe. Miaka elfu mbili imepita, na swali hilo bado linaulizwa kila penye msiba wa mtoto, kwa lugha zetu zote, na mara nyingi hutafutiwa jibu kwa mwanamke: mama aliyemzaa, bibi aliyemlea, mke mwenza, au jirani mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Ukweli ni huu. Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa baba na mama pamoja. Kila mmoja wao amebeba chembe moja yenye kasoro na nyingine nzima, naye mwenyewe ni mzima wa afya na hajui kitu. Mtoto huugua pale tu anapopokea chembe zenye kasoro kutoka pande zote mbili. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Ndiyo maana hupata watoto wazima na wagonjwa katika nyumba moja. Ndiyo maana pia mila zetu njema za kuoa nje ya ukoo, ingawa hupunguza hatari, haziwezi kuiondoa yote, kwa maana chembe hiyo inaweza kuwamo katika koo mbili zisizojuana. Mume anayemfukuza mke kwa sababu "anazaa wafu" anamfukuza kwa nusu ya kosa ambalo nusu nyingine anayo mwenyewe; wala si kosa, bali ni urithi ambao hakuna aliyeuchagua.

Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu damu imemwagika. Katika Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi tuhuma huanzia kwenye ugonjwa au kifo kisichoelezwa. Mahali pasipo na kipimo, ramli hupata wateja. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inamfanya anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi kuwa na kosa mbele ya sheria. Lakini sheria peke yake haizuii panga la usiku. Wenye kupunguza mapanga ni wale wanaoweza kuieleza familia, kwa jina na kwa namba, kilichomuua mtoto wao.

Na tusiwaseme waganga wa ramli peke yao. Yeyote anayemzuia mama asiende hospitali, akidai kwamba sindano itamuua mtoto mwenye degedege, au kwamba maombi yake yanatosha na kwenda kupima ni kukosa imani, anashiriki katika kifo hicho, hata kama ameshika Biblia mkononi. Sala na kipimo havigombani. Tunamwombea mtoto njiani kuelekea zahanati.

5. Yatupasa kudai nini, yatupasa kufanya nini

Haki si sadaka. Hatuombi huruma ya mtu kwa mtoto huyu; tunadai apewe kilicho chake. Kwa hiyo tunasema wazi.

Kwa Halmashauri za Wilaya za Ngara na Biharamulo: kila zahanati na kituo cha afya kiwe na kipima sukari kinachofanya kazi na tepe zake, na jambo hilo liingizwe katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, likiwa na fungu lake. Madiwani walio waamini wetu wasipitishe mpango huo bila kuuliza ukurasa huo uko wapi.

Kwa hospitali zetu, za Serikali na za madhehebu, Biharamulo, Rulenge, Murgwanza, Nyamiaga na nyinginezo: kila mtoto anayetukutika au kuzimia apimwe sukari, na namba iandikwe katika kadi yake. Kila tumbo kubwa lipapaswe kulia na kushoto. Mtoto ambaye sukari yake imeshuka zaidi ya mara moja, hasa alfajiri, na ini lake ni kubwa, asirudishwe nyumbani na vidonge vya malaria peke yake. Apewe rufaa yenye maelezo kamili kwenda hospitali ya rufaa, ambako mafuta ya damu, asidi, kazi ya ini na picha ya tumbo huweza kuchunguzwa, na shauri la vipimo vya vinasaba likaamuliwa. Hospitali za Kanisa zina deni zaidi hapa, kwa maana zimeanzishwa kwa jina la Yule aliyegusa wagonjwa mmoja mmoja.

Kwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania: mhudumu wa zahanati ya mbali awe na namna ya kuuliza na kujibiwa kabla familia haijauza mbuzi kwa ajili ya nauli. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limeondoa foleni ya kivuko, lakini kutoka Ngara hadi Mwanza bado ni safari ya kutwa kwa familia maskini. Ushauri unaweza kutangulia kabla ya basi.

Kwa Serikali: sera yetu inasamehe watoto walio chini ya miaka 5 gharama za matibabu. Msamaha huo uwe kweli hata kwa vipimo, wala usikome mlangoni mwa maabara. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itahukumiwa kwa namna inavyomtendea mgonjwa ambaye hakuna aliyemtarajia.

Na sisi wenyewe, tusibaki kuelekeza vidole. Halmashauri ya Walei ya kila parokia iweke mfuko mdogo wa nauli ya rufaa ya watoto, kwa kuwa watoto wengi wenye karatasi ya rufaa hawafiki kwa kukosa nauli. WAWATA wawafundishe mama vijana dalili hizi: mtoto anayetoka jasho na kulegea alfajiri kabla ya kula; anayezinduka upesi akipewa kitu kitamu, kisha hali ikarudi; tumbo kubwa lenye mashavu yaliyojaa na miguu myembamba. Wawafundishe pia dalili nyingine isiyosubiri ya ini la mtoto mchanga: macho ya manjano yanayoendelea kupita wiki 2 tangu kuzaliwa, hasa choo kikiwa cheupe kama udongo wa chokaa. Mtoto huyo apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, kwa maana iko hali ya kuziba kwa mirija ya nyongo ambayo upasuaji wake hufaa zaidi ukifanyika kabla ya siku 60. Na katika kila msiba wa mtoto, mwenyekiti wa jumuiya awe wa kwanza kusimama na kukataza tuhuma, kabla hazijapata miguu.

Yupo atakayesema kwamba tunaomba mambo makubwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Tumeomba utepe, mkono uliofundishwa, kalamu inayoandika namba, na nauli. Jamii isiyoweza kutoa hivyo vinne haina haki ya kusema kwamba imeshindwa na ugonjwa adimu. Imeshindwa na jambo la kawaida sana, nalo ni kutojali.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogondogo

1. Katika jumuiya yetu, ni watoto wangapi waliofariki katika miaka mitano iliyopita, na je, kila familia iliambiwa mtoto wao alikufa kwa ugonjwa gani?

2. Zahanati iliyo karibu nasi ina kipima sukari? Kina tepe? Ni nani kati yetu atakayekwenda kuuliza wiki hii na kutuletea jibu Jumapili?

3. Je, yupo mwanamke kati yetu aliyefukuzwa, kutengwa au kutuhumiwa kwa sababu ya kifo cha mtoto? Tutamrudishiaje heshima yake hadharani?

4. Parokia yetu inaweza kuchanga kiasi gani kwa ajili ya nauli ya rufaa ya watoto, na ni nani atakayetunza hesabu yake?